Dawa za Ngozi Kutoka Baharini: Karagwe na Kyerwa Zinahusikaje?

Mkazi wa Kayanga, Karagwe, akitaka kuiona bahari hana budi kusafiri zaidi ya kilomita 1,000, apite Biharamulo, Kahama, Singida, Dodoma na Morogoro ndipo afike Dar es Salaam. Kwa hiyo habari ya kutengeneza dawa za ngozi kutokana na viumbe wa baharini inaweza kuonekana ni mazungumzo ya watu wa Unguja na Tanga. Naitazama kutoka huku bara kwa sababu mbili. Kwanza, huku ndiko dawa inakotakiwa kufika. Dawa isiyopatikana katika duka la dawa muhimu la Nkwenda, Kyerwa, haijamsaidia mtu wa Nkwenda, hata kama imesifiwa kwenye mikutano ya wanasayansi duniani kote. Pili, historia ya maradhi ya ngozi ina sura moja iliyoandikwa Karagwe kabla ya ukoloni, na sura hiyo, kwa njia ya kuzunguka, inatufikisha kwa kiumbe wa majini ambaye maabara za leo zinamchunguza kwa hamu.

Msimamo wangu nauweka mapema ili msomaji anipime nao. Kemikali za baharini zenye uwezo wa kutuliza ngozi zipo, na baadhi zimejulikana tangu miaka ya 1980. Kilichokwama ni safari ya kemikali hizo kutoka kwa sponji hadi kwenye ngozi ya mgonjwa, na safari hiyo ina vituo vingi ambavyo Tanzania imevijenga nusunusu.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Ngozi ikichokozwa na mdudu, na utomvu, na bakteria, au na kinga ya mwili iliyokosea adui, mishipa midogo ya damu hupanuka, kisha maji na chembe nyeupe za damu huvuja kuingia kwenye nyama. Mahali hapo huvimba, hupata joto, huwasha au huuma. Kwa mtu mweusi rangi hukoza na kuwa ya zambarau au kahawia nzito, wala haiwi nyekundu kama picha za vitabu vya Ulaya zinavyotuzoesha, na wagonjwa wengi wamepotezewa muda kwa sababu hiyo peke yake. Huu ndio mcharuko. Una kazi yake, kwani bila huo kidonda kisingepona. Shida huja pale unapokataa kukoma: pumu ya ngozi kwa watoto, soriasisi kwa watu wazima, ukurutu wa mikono kwa anayeshinda kwenye maji na sabuni.

Mwaka 1952 madaktari wawili wa Marekani, Marion Sulzberger na Victor Witten, waliripoti kwamba haidrokotisoni ikipakwa juu ya ngozi hutuliza mcharuko. Tangu hapo steroidi za kupaka zimetawala. Zinafanya kazi, ni za bei nafuu, na zimeokoa ngozi za watu wengi. Lakini zikitumiwa miezi na miaka bila usimamizi hupunguza unene wa ngozi, huacha michirizi, na usoni huleta chunusi na vipele vigumu kuondoka. Zikipakwa juu ya fangasi, muwasho hupungua kwa siku chache huku fangasi wakitambaa kwa raha zao, na baadaye hata daktari hupata taabu kuwatambua. Nchini Tanzania, kama kwa majirani zetu, zipo krimu zinazochanganya steroidi kali, dawa ya fangasi na dawa ya bakteria katika mrija mmoja. Muuzaji hulazimika kubahatisha, na mrija wa namna hiyo unamwondolea aibu ya kubahatisha. Steroidi hizo hizo huingia kwenye mkorogo wa kujichubua.

Mkoa wa Kagera, zilimo Karagwe na Kyerwa, una sababu yake ya kuogopa upele. Wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi kutambuliwa Tanzania, mwaka 1983, walikuwa wa mkoa huu, na kwa miaka mingi vipele vinavyowasha na mkanda wa jeshi vilisomwa na majirani kabla ya kipimo chochote. Ukisikia mtu anaficha ukurutu chini ya mikono mirefu ya shati, au ananunua krimu kwa kumtuma mtoto, kumbuka historia hiyo. Hofu hiyo nayo humsogeza mgonjwa dukani kabla hajaiona zahanati.

Kwa hiyo dawa mpya, isiyo steroidi, ingepata wateja. Wanasayansi waliitafuta baharini kwa mantiki iliyo rahisi. Sponji na matumbawe laini wamekaa mahali pamoja maisha yao yote. Hawana ganda, hawana meno, hawawezi kukimbia. Waliobaki hai ni wale ambao wao wenyewe, au bakteria wanaoishi ndani yao, wanatengeneza kemikali za kumfukuza mlaji na kumzuia jirani asiwapandie. Kemikali iliyoundwa kugusa seli za samaki inaweza kugusa za binadamu pia. Haya yalikwisha kuthibitika kwa maradhi mengine: dawa ya saratani ya damu iitwayo saitarabini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1969, ilitokana na kemikali za sponji wa Karibi, na ziconotide, dawa ya maumivu makali iliyoidhinishwa mwaka 2004, ni nakala ya sumu ya konokono wa baharini.

Kwa upande wa ngozi, kisa cha kufundishia ni cha manoalaidi. Mwaka 1980 watafiti wa Hawaii, De Silva na Scheuer, walieleza kemikali hii waliyoitoa kwa sponji aitwaye Luffariella variabilis kutoka visiwa vya Palau, katika Bahari ya Pasifiki. Mwanzoni ilivutia kwa sababu ya kuua bakteria. Baadaye wenzao wa California waligundua kwamba inakifunga kimeng'enya cha fosfolipasi A2, kile kinachokata mafuta ya ukuta wa seli na kutoa malighafi ya prostaglandini, kemikali za mwili zinazowasha moto wa mcharuko. Tena inakifunga moja kwa moja, bila kukiachia. Ikaonekana ufumbuzi umepatikana. Kampuni ya Allergan ikaichukua, ikalenga soriasisi, ikafika majaribio ya mwanzo kwa binadamu, na huko ikakoma. Kikwazo kikubwa kilikuwa kuipitisha kwenye ngozi kwa kiasi cha kutosha. Leo manoalaidi inauzwa kwa maabara kama kifaa cha utafiti. Dawa haikuwahi kuwa.

Nakaa kwenye kisa hiki kwa sababu watu wengi wanaoandika juu ya hazina ya bahari hukiruka. Tabaka la juu la ngozi limejengwa kwa seli zilizokufa na mafuta, na kazi yake ni kuzuia vitu visipite. Kemikali inaweza kufaulu mtihani wote ndani ya kisahani cha maabara, ikafeli kwenye unene usiofikia ule wa karatasi. Anayeweza kuivusha ni mfamasia anayejua kuunda krimu: achanganye mafuta gani na maji gani, kwa kiasi gani, ibaki imara kwa joto gani, isiharibike baada ya miezi mingapi. Ni kazi isiyoandikwa magazetini, na hapo ndipo manoalaidi ilipokwama.

Wenzake waliofika sokoni ni sudopterosini. Mwaka 1986 kundi la William Fenical na Robert Jacobs wa Chuo Kikuu cha California, pamoja na wenzao, lilizieleza kemikali hizi kutoka kwa matumbawe laini ya Karibi, yanayofanana na kichaka cha fimbo nyembamba. Zinatuliza mcharuko na maumivu kwa njia isiyofanana na ya aspirini. Estée Lauder wakazitia kwenye krimu ya uso iitwayo Resilience, na hataza yake ikawa miongoni mwa zile zilizokiletea chuo hicho mrabaha mnono. Matumbawe yenyewe huvunwa Bahama kwa kukatwa matawi na kuachwa yachipue, utaratibu mzuri kuliko kung'oa. Angalia lakini bidhaa iliyofika sokoni ilikuwa ya namna gani. Ilikuwa kipodozi cha wenye fedha. Kipodozi hakidaiwi ushahidi wa kutibu ugonjwa, kwa hiyo njia yake ni fupi na faida huja mapema. Mtoto mwenye pumu ya ngozi hakuwa kwenye hesabu.

Sasa turudi pwani yetu. Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alihimiza kilimo cha mwani tangu miaka ya 1970, na mwaka 1989 kilimo cha biashara kikaanza Unguja, kwenye fukwe za mashariki kama Paje na Jambiani. Wakulima wengi ni wanawake. Hupanda aina mbili, spinosamu na kotonii, na zao hilo hukaushwa na kupelekwa nje, ambako viwanda hutoa ute uitwao karaginani wa kuongezea uzito maziwa, dawa za meno na krimu. Kotonii ndiyo yenye bei, lakini maji yalipopata joto ikawa inakufa, na wengi wamebaki na spinosamu ya bei ya chini.

Kuna kinaya hapa ambacho sijaona kikisemwa vya kutosha kwa Kiswahili. Karaginani ndiyo kemikali ambayo maabara za dunia hutumia kusababisha mcharuko. Mwaka 1962 Charles Winter na wenzake walionyesha kwamba ukiidunga kwenye unyayo wa panya, mguu huvimba ndani ya saa chache kwa namna inayopimika. Dawa unayoijaribu ikizuia uvimbe huo, una sababu ya kuendelea nayo. Tangu hapo dawa nyingi za kutuliza mcharuko zimepita kwenye unyayo huo, zikiwemo za mitishamba zinazochunguzwa katika vyuo vyetu. Ni kweli aina inayotumika sana kwa jaribio hilo ni lamda, inayotoka kwa mwani mwingine, na kudunga ndani ya nyama ni tofauti kabisa na kupaka juu ya ngozi. Sisemi mwani wa Paje unadhuru anayeupaka. Ninachosema ni kwamba kuandika "mwani hutuliza ngozi" juu ya kopo bila kueleza ni mwani upi, sehemu yake ipi na kwa kipimo gani, ni kuuza jina.

Na ngozi za wanawake wanaoulima? Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 na Sara Fröcklin na wenzake, wakiwemo Narriman Jiddawi na Flower Msuya wa Taasisi ya Sayansi za Bahari, Zanzibar, ulionyesha kwamba wakulima wa mwani waliiona afya yao kuwa duni kuliko wanawake wenzao wa shughuli nyingine, na kipato chao kilikuwa kidogo. Kushinda ndani ya maji ya chumvi juani kuna gharama yake. Msuya ndiye pia aliyesukuma wakulima waungane na kuongeza thamani kupitia Zanzibar Seaweed Cluster Initiative, iliyoanza mwaka 2006, hadi sabuni na mafuta ya mwani yakaanza kutengenezwa visiwani. Hiyo ni hatua ya maana. Sabuni nzuri huuzwa kwa mtalii bila kudai kutibu chochote, na mama anapata zaidi kuliko kwa kuuza gunia la mwani mkavu. Jambiani kuna pia kilimo cha sponji, wanaouzwa kwa ajili ya kuogea. Kama siku moja itapatikana kemikali ya maana kutoka kwa sponji wa Bahari ya Hindi, ujuzi wa kuwafuga bila kuwamaliza upo tayari mikononi mwa wanawake wa kijiji kimoja, na ujuzi huo una thamani kuliko watunga sera wanavyoudhania.

Karagwe inaingia kwa mlango mwingine. Novemba 1861 Waingereza John Hanning Speke na James Augustus Grant walifika kwa Rumanyika, mtawala wa Karagwe, ambaye makao yake yalikuwa Bweranyange. Muda mfupi baadaye mguu wa kulia wa Grant ukaanza kuvimba juu ya goti. Speke aliondoka Januari 1862 kuelekea Buganda akamwacha mwenzake kitandani. Grant alikaa Karagwe hadi Aprili, kisha akaondoka akibebwa kwenye machela. Katika kitabu chake cha mwaka 1864, A Walk Across Africa, alieleza mguu ulioharibika umbo kwa mcharuko, majipu mapya yaliyojitokeza kwa miezi, usaha uliotoka kwa wingi, na goti lililokataa kunyooka. Wanyambo, wenyeji wa Karagwe, walimhudumia kwa walichokijua: kubandika kinyesi cha ng'ombe, chumvi na tope la ziwa, na kuchanja ngozi ili kutia dawa.

Wanahistoria wa tiba wanaitaja habari hiyo kama maelezo yanayowezekana kuwa ya kwanza kuandikwa kuhusu kidonda cha Buruli. Kwa haki ya hoja niseme kwamba Grant alilalamikia maumivu makali, na Buruli kwa kawaida hauumi sana. Maumivu hayo yanaleta shaka, ingawa bakteria wengine wakiingia kwenye kidonda wanaweza kuyaleta. Baada ya Grant, daktari Albert Cook wa hospitali ya Mengo, Uganda, aliandika mwaka 1897 juu ya vidonda vya namna hiyo. Bakteria wenyewe, Mycobacterium ulcerans, walielezwa Australia mwaka 1948, na jina la ugonjwa likatokana na kaunti ya Buruli nchini Uganda, ambako wagonjwa wengi walionekana miaka ya 1960.

Kwa nini niuingize ugonjwa huu kwenye mjadala wa dawa za baharini? Kwa sababu ya ukoo wa bakteria hao na silaha yao. Wametokana na Mycobacterium marinum, bakteria wa samaki aliyetambuliwa mwaka 1926 katika samaki wa maji ya chumvi waliofugwa Philadelphia, ambaye hadi leo huwapa vinundu vya mikono wavuvi na wanaosafisha matangi ya samaki. Mahali fulani katika historia yao, baadhi walijipatia kipande cha ziada cha vinasaba kinachotengeneza kemikali iitwayo maikolaktoni. Ndugu zao wenye aina nyingine ya kemikali hiyo wamepatikana kwa samaki wa Bahari ya Shamu na Mediterania.

Maikolaktoni ilitambuliwa mwaka 1999, na ndiyo inayoufanya ugonjwa wa Buruli uwe wa ajabu. Kidonda kinaweza kula ngozi ya mguu mzima huku mgonjwa akiwa hana homa, hana maumivu makubwa, na pembeni ya kidonda hakuna mcharuko unaolingana na uharibifu. Mwaka 2014 watafiti wa Uingereza walionyesha jinsi inavyofanya hivyo: inaziba lango la ndani ya seli liitwalo Sec61, ambalo protini nyingi za kutumwa nje hupitia. Seli za kinga haziwezi kutuma ujumbe wa kuita msaada. Mwaka huo huo kundi jingine lilieleza jinsi kemikali hiyo inavyotuliza mishipa ya fahamu ya maumivu. Kwa maneno mengine, bakteria hawa wametengeneza dawa ya kutuliza mcharuko wa ngozi, kali kuliko nyingi zilizo madukani, na wanaitumia dhidi yetu.

Wanasayansi hawakuiacha. Mwaka 2015 Caroline Demangel wa Taasisi ya Pasteur, Paris, na wenzake walichapisha kazi ambamo waliunda vipande vya maikolaktoni kwa mikono ya kemia, wakitafuta kile kinachotuliza bila kuua seli. Kimoja kilipunguza mcharuko wa ngozi na wa viungo kwa panya. Panya, si watu. Hata hivyo, kwangu mimi huu ni mfano mzito kuliko wa krimu ya Bahama, kwa sababu unatuonyesha bei ya kunyamazisha mcharuko. Mwili ukinyimwa sauti yake kabisa, nyama hufa kimya. Kila dawa mpya ya kundi hili, iwe ya sponji au ya mwani, inapaswa kuulizwa inazima nini na inaacha nini kikiwaka.

Kyerwa imezungukwa na Mto Kagera upande wa Rwanda na Uganda. Kuna mabonde ya mafunjo, maziwa madogo, na machimbo ya bati ambako watu hufanya kazi miguu ikiwa kwenye tope. Buruli ni ugonjwa wa mazingira ya namna hii, na hutibiwa kwa vidonge: rifampisini na klarithromaisini kwa wiki nane, tiba inayofanya kazi vizuri zaidi ukiwahi kinundu kabla hakijapasuka. Hebu fikiria kinundu hicho kisichouma kikipakwa krimu ya steroidi kwa miezi miwili kwa sababu duka lilikuwa karibu kuliko zahanati.

Wapo watakaouliza kwa nini twende baharini wakati vichaka vyetu vimejaa dawa. Swali ni halali. Watafiti wa Taasisi ya Tiba Asili ya Muhimbili, wakiongozwa na Mainen Moshi, walizunguka kata za Bugabo na Katoro huko Bukoba na kijiji cha Kikuku huko Muleba, na kati ya 2009 na 2012 wakachapisha orodha ndefu za mimea inayotumiwa na waganga wa Kagera, mingi ikiwa ya ngozi na vidonda. Kila bibi wa Karagwe anajua mmea wa omubirizi. Mimea hiyo ina faida moja kubwa juu ya sponji: inaota nyuma ya nyumba. Ina kasoro pia. Kipimo hakijulikani, na mganga anayejua kipimo hana sababu ya kukitoa bure. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 ililipa jambo hili baraza na usajili, lakini usajili wa mganga haumpi krimu iliyopimwa.

Kati ya bahari na kichaka kuna kitu cha tatu ambacho Kagera inakimwaga: ngozi ya samaki. Madaktari wa Fortaleza, Brazil, wamefunika majeraha ya moto kwa ngozi ya sato iliyosafishwa na kuuliwa vijidudu, na kampuni ya Kerecis ya Iceland ilipata kibali cha Marekani mwaka 2013 kwa ngozi ya samaki aina ya chewa. Hapa kwetu mabondo ya sangara husafirishwa Asia kwa fedha nyingi, ilhali ngozi ya sato haina bei. Majeraha ya uji na mafuta ya moto hayahitaji kemikali mpya, yanahitaji kifuniko safi kinachoshika, na Ziwa Victoria liko jirani. Kuiandaa ngozi hiyo hadi iwe salama ni kazi ya maabara yenye nidhamu, wala isijaribiwe jikoni, lakini ni kazi iliyo karibu na uwezo wetu kuliko kuunda manoalaidi nyingine.

Hoja ya haki za rasilimali nitaipita haraka kwa kuwa jibu lake linajulikana. Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010 inataka nchi yenye kiumbe igawiwe faida inayotokana nacho. Sampuli ikitoka Pemba, au maarifa yakitoka kwa mganga wa Nyakahanga, mkataba utangulie, na COSTECH, taasisi inayotoa vibali vya utafiti, isiuchukulie kama karatasi ya kugonga muhuri. Anayesaini upande wetu awe na mwanasheria anayejua hataza.

Kinachonishughulisha zaidi ni mfamasia. Mjini Moshi, katika Kituo cha Kanda cha Mafunzo ya Magonjwa ya Ngozi kilichopo hospitali ya KCMC, watu wenye ualbino walitengenezewa losheni ya kuzuia jua iitwayo Kilisun. Haikuwa na kemikali mpya hata moja. Kilichokuwa kipya ni kwamba iliundwa hapa, kwa joto la hapa, kwa ngozi ya mtu wa hapa, ikapelekwa kliniki kwa kliniki ikiambatana na mafunzo ya namna ya kuipaka. Kituo hicho pia huwafundisha maofisa tabibu kutoka mikoani na nchi za jirani kuwa wajuzi wa ngozi. Kwa maoni yangu hilo ndilo daraja ambalo manoalaidi ililikosa, na sisi tunalo tayari, ingawa ni dogo na liko mbali na Kyerwa.

Usimamizi nao umegawanyika. Mwaka 2019 iliyokuwa TFDA, mamlaka ya chakula na dawa, iligeuzwa kuwa TMDA, ikabaki na dawa na vifaa tiba, na vipodozi vikahamia TBS, shirika la viwango. Mgawanyo huo una mantiki, lakini krimu ya mwani inayosema inalainisha ngozi iko TBS, na ile ile ikisema inatibu ukurutu inatakiwa iwe TMDA. Wauzaji wanalijua hilo, ndiyo maana maneno ya kwenye kopo huwa ya upole na ya mdomoni kwa mteja huwa makubwa. Mamlaka hizo mbili zikae pamoja ziamue nani anashughulikia maneno ya mdomoni.

Fedha za umma zikipatikana, mpangilio wangu ni huu. Kwanza, kila hospitali ya wilaya, ikiwemo Nyakahanga na ya Kyerwa, ipate ofisa tabibu aliyesomea ngozi, awe na haidrokotisoni hafifu, dawa za fangasi na upele, na mafuta ya kawaida ya kulainisha ngozi, ambayo kwa pumu ya ngozi ni nusu ya tiba. Pili, Moshi na Muhimbili zijengewe uwezo wa kuunda krimu, kwa kuanza na mimea na mwani ambao tayari tunao kwa tani. Ngozi ya sato iwe ya tatu. Kuwinda kemikali mpya kwenye sponji na matumbawe ya Pemba kuje mwisho, kufanywe na wenye subira, kwa mkataba ulioandikwa vizuri.

Wewe unayeuguza mtoto anayewashwa leo, usisubiri yote hayo. Usinunue krimu isiyo na maandishi yanayosomeka, usimpake mtoto krimu ya mtu mzima wa jirani, na kinundu kisichouma kwenye mkono au mguu kipeleke kituo cha afya wiki hii.